Kitabu chenye sahihi ya mwenyewe: askari aliyechora vita

Katika mazungumzo yetu ya historia na amani tutasema leo juu ya kitabu kimoja. Si kitabu cha sheria wala cha dini. Ni kitabu cha sanamu za kuchekesha, zile watu wa magazeti wanaita katuni. Aliyezichora alikuwa askari wa kawaida, na alizichora akiwa vitani.

Labda utauliza: vita na kicheko vinakutana wapi? Ngoja kwanza, tufuate habari.

Wengi wenu mlisikia Vita ya Pili ya Dunia kwa kinywa cha wazee wetu wa Force Publique. Walitoka Kongo, wakapita Sudani, wakaingia Abisinia, na tarehe 3 mwezi wa saba 1941 jenerali wa Italia, Gazzera, akajitoa mikononi mwao kule Saio. Miaka miwili kisha, vita ikafika Italia yenyewe. Tarehe 10 mwezi wa saba 1943 majeshi ya Uingereza, Kanada na Marekani yalishuka katika kisiwa cha Sisilia. Kati ya Wamarekani ilikuwamo Divizio ya 45, na ndani ya divizio hiyo kijana mwembamba mwenye sura ya mtoto wa shule, jina lake Bill Mauldin.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa kumi 1921 katika milima ya New Mexico, katika jamaa isiyokuwa na mali. Alijifunza kuchora kwa masomo ya barua, kisha akaingia shule ya wachoraji huko Chicago. Mwaka 1940 akajiandikisha askari. Divizio yake ilikuwa na gazeti dogo, naye akawa anachora humo. Mwaka 1944 akachukuliwa na Stars and Stripes, gazeti la jeshi lote. Wakubwa wakampa gari lake la jeep. Akawa anakwenda mbele penye risasi, anakaa na askari katika mashimo yao, anasikiliza maneno yao, kisha anarudi nyuma kuchora. Sanamu sita kwa juma. Na usifikiri alikuwa mtalii: mwisho wa mwaka 1943, karibu na Cassino, kipande cha bomu kilimwingia begani.

Watu wawili aliowachora zaidi waliitwa Willie na Joe. Ukiwaona hutasema hawa ni mashujaa. Ndevu hazijanyolewa, nguo zimejaa matope, migongo imepinda, macho yanataka usingizi. Hawapigi kelele za ushindi. Wanatafuta pahali pakavu pa kulala. Katika sanamu moja Willie anakumbuka kwamba jana mwenzake alimwokoa maisha, na ili kumlipa deni hilo anampa soksi zake za mwisho zilizo kavu. Wewe uliyekaa nyumbani unaweza kucheka kidogo tu. Lakini majira ya baridi ya 1943 na 1944 kule Italia askari wengi walipelekwa hospitali si kwa risasi, ila kwa sababu miguu yao ilivimba na kuharibika ndani ya viatu vyenye maji. Soksi kavu ilikuwa ni mguu wa mtu. Yeye aliyekuwa huko alielewa mara moja, na alielewa pia kwamba mchoraji alikuwa huko.

Sanamu nyingine haina neno hata moja. Mzee mmoja, sajenti wa askari wa farasi wa zamani, amesimama mbele ya jeep iliyovunjika. Amefunika macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameelekeza bastola kwenye gari, kama vile mtu anavyomwondolea taabu farasi aliyevunjika mguu. Wengi wanasema hii ndiyo nzuri kupita zote. Mimi naipenda, lakini kuna moja ninayoiweka mbele yake.

Ni ile ya wafungwa. Mvua inanyesha. Askari wa Marekani wanawaongoza wafungwa wa Kijerumani. Maneno yaliyo chini yanafuata ginsi magazeti ya nyumbani yalivyozoea kuandika: askari wetu wenye nguvu na furaha ya ushindi, na wale wengine wenye njaa, wachakavu, waliochoka. Sasa tazama sanamu yenyewe. Utafute nani mshindi na nani mfungwa. Wote wamechoka sawa. Wote wamelowa sawa. Mkamataji anakokota miguu kama aliyekamatwa. Kwa kazi yake ya mwaka huo Mauldin alipewa zawadi ya Pulitzer, iliyo kubwa kwa watu wa magazeti wa Marekani, mwaka 1945, naye alikuwa na miaka 23.

Nisikudanganye: Mauldin hakuwa mhubiri wa amani. Alitaka upande wake ushinde, na hakuwaonea Wanazi huruma. Lakini alipochora adui, alichora mtu. Alipochora raia wa Italia, alichora mtoto mwenye njaa anayemwangalia askari mwenye chakula, na askari asiyejua aweke wapi macho yake. Mnaokaa kando ya barabara zinazopitwa na majeshi, hamhitaji nieleze zaidi.

Sasa tufike kwenye kitabu. Sanamu hizi zilikusanywa kwanza katika vijitabu vyembamba vilivyochapwa kule kule kwenye vita: kimoja juu ya Sisilia mwaka 1943, kingine mwaka 1944 kinachoitwa Mud, Mules, and Mountains, maana yake matope, nyumbu na milima. Mwaka 1945 kikatoka kitabu kikubwa, Up Front, huko New York, kikanunuliwa na watu wengi sana. Kile kikubwa hata leo si vigumu kukipata. Vile vidogo ndivyo vilivyo haba. Vilikuwa vya karatasi tu, vya kukunjwa mfukoni pamoja na tumbako na barua za nyumbani, na mvua ya Italia haikuchagua. Kikipatikana kimoja kilicho kizima, na ndani yake Mauldin ameandika jina lake kwa mkono, wakusanyaji wa vitabu wanatoa feza nyingi.

Lakini feza si habari yetu. Habari yetu ni lile jina.

Mauldin alitia jina lake si katika vitabu tu, bali chini ya kila sanamu, siku zile zile za vita, katika gazeti ambalo wakubwa wake walilisoma asubuhi. Na sanamu zake ziliwacheka wakubwa. Katika moja, maofisa wawili wamesimama mlimani wakifurahia uzuri wa inchi, na mmoja anauliza kama askari wadogo nao wametengewa uzuri wa namna hiyo. Jenerali George Patton, mkubwa wa Jeshi la Tatu, alikasirika. Yeye alitaka askari walionyoa, wenye tai shingoni hata vitani, naye aliona Willie na Joe wanaharibu heshima ya jeshi. Akatisha kwamba atalikataza gazeti lisiingie kwa askari wake.

Mwanzoni mwa 1945 sajenti huyu akaitwa Luxembourg, mbele ya jenerali. Fikiri wewe mwenyewe: kijana wa miaka 23, na mbele yake mtu mwenye nyota nyingi na hasira nyingi, ambaye anajua kabisa nani amechora nini, kwa sababu jina liko pale chini. Patton alimwonya kwa muda mrefu. Mauldin alisikiliza, akapiga saluti, akatoka. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Naye Eisenhower, mkubwa wa majeshi yote ya muungano huko Ulaya, aliamua kwamba kijana aachwe achore. Aliona kwamba askari anayeweza kucheka taabu yake na wakubwa wake anapata pahali pa kutolea hasira. Mimi nasema uamuzi huo ulikuwa wa akili kuliko mambo mengi yaliyoamuliwa katika vita ile.

Kwa nini nakaza neno hili la jina? Kwa sababu hapa kwetu mnajua trakti. Karatasi inaokotwa asubuhi mlangoni, inasema watu wa kabila fulani waondoke, na chini hakuna jina la mtu. Na sanamu nazo zinaweza kufanya kazi hiyo. Katika inchi jirani ya Rwanda, gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990, na ndani yake mlikuwa na michoro ya kuchekesha pia. Watu walicheka. Lakini kicheko hicho hakikuwa cha kumcheka mkubwa, wala cha kujicheka mwenyewe. Kilikuwa cha kumcheka jirani mpaka aonekane si mtu tena. Mwaka 1994 jirani akauawa. Tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2003, mahakama ya kimataifa huko Arusha ilimhukumu mwenye gazeti hilo, Hassan Ngeze, kifungo cha maisha. Mwaka 2007, katika rufaa, kikawa miaka 35. Na sisi watu wa radio hatuwezi kusoma habari hiyo kama ya wengine: katika kesi hiyo hiyo walihukumiwa waanzilishi wawili wa radio, ile RTLM.

Basi kalamu ni ile ile, wino ni ule ule. Mauldin alikuwa na adui halisi mwenye bunduki, aliyemjeruhi bega, naye hakumchora kama mdudu.

Vita ilipokwisha hakunyamaza. Alirudi Marekani akachora juu ya wale waliowatesa watu weusi, juu ya Ku Klux Klan, juu ya Wamarekani wa asili ya Japani waliorudi kutoka kambi wakakuta majirani hawawataki. Mara hii hakuna Eisenhower aliyemkinga. Magazeti mengine yaliacha kumnunua, na kampuni iliyosambaza sanamu zake ilizibadili nyingine kabla ya kuzituma. Vitani aliruhusiwa kumcheka jenerali. Nyumbani hakuruhusiwa kirahisi kumsema jirani mbaya. Aliendelea hivyo hivyo, akapata Pulitzer ya pili mwaka 1959.

Mwaka 2002 Mauldin alikuwa mzee mgonjwa katika nyumba ya kutunzia wazee huko California, akili imeanza kumpotea, hazungumzi sana. Askari mmoja wa zamani akaenda kumtazama. Habari ikaingia magazetini, na barua zikaanza kufika, maelfu kwa maelfu, kutoka kwa wazee waliokuwa vijana katika matope ya Italia na Ufaransa, na kutoka kwa wajane wao. Wengine walikwenda wenyewe, wakakaa kando ya kitanda, wakamwonyesha sanamu walizozikata katika gazeti na kuzihifadhi kwa miaka karibu 60.

Alikufa tarehe 22 mwezi wa kwanza 2003, akazikwa Arlington, katika makaburi ya askari. Mwaka 2010 posta ya Marekani ilitoa tembre yenye sura yake, akiwa kijana, kalamu mkononi. Pembeni wako Willie na Joe, bado hawajanyoa ndevu.