Siku Makanga Hawakuuliza Nauli

Ukisoma kuhusu matatu katika maandishi yetu, utakutana na muziki wa kupasua masikio, michoro, matusi na ajali. Yote kweli. Lakini mimi nikilisikia neno hilo, nakumbuka ndoo ya maji.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, nilikuwa mtoto wa darasa la sita, Eastlands. Asubuhi ile, kama saa nne na nusu, tulisikia kishindo tukadhani ni tairi la lori. Kumbe ni bomu, kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Ufundi House liliporomoka. Kwenye majengo ya jirani watu walikuwa wamekimbilia madirishani baada ya kusikia mlipuko mdogo wa kwanza. Ulipokuja ule mkubwa, vioo viliwakata nyuso na macho. Nairobi peke yake walikufa watu 213. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu.

Sasa jiulize: mji unawabebaje maelfu ya majeruhi kwa saa chache? Mapema mwaka ule, baada ya mvua za El Niño, serikali ilikuwa imeanzisha kituo cha kitaifa cha kushughulikia majanga. Lakini kituo si gari. Ambulensi zilikuwa chache mno. Kwa hiyo watu walibebwa na chochote chenye magurudumu: pikapu, teksi, malori, magari ya watu binafsi, na matatu.

Jirani yetu alikuwa dereva wa matatu. Usiku alirudi, akaegesha gari uani, akaniita nimletee maji. Nilileta ndoo ya kwanza, ya pili, ya tano. Viti havikutakata. Hakusimulia kitu, na mimi sikuthubutu kuuliza. Jumamosi alfajiri aliondoka tena na viti vikiwa bado vimelowa, kwa sababu mwenye gari alitaka hesabu yake kama kawaida.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama sifa tupu. Siku hizi nasita. Gari lisilo na mtu wa kupanga wagonjwa hupakia kwanza anayeweza kutembea. Aliyebanwa chini ya zege hufika mwisho, wakati hospitali imeshafurika. Na anayevuja damu akikalishwa kitini bila kufungwa kidonda, mwendo wa kasi haumwokoi. Dereva yule alitoa alichokuwa nacho. Hakuna aliyekuwa amemfundisha zaidi ya hapo.

Matatu zilianza kama magari ya wizi wizi, nauli senti thelathini, mapeni matatu, hadi Kenyatta alipoziruhusu mwaka 1973. Mwaka 2004 zikaja kanuni za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Zilihitajika sana, nani atabisha? Lakini zilimwona makanga kama mtu wa kuzuiwa tu. Mimi ningeongeza somo moja, siku mbili tu darasani: namna ya kufunga kidonda, na nani apande kwanza.

Pale ubalozi uliposimama sasa kuna bustani, na ukuta wenye majina ya marehemu. Nikipita, huyasoma machache. Kisha navuka barabara, napanda matatu, na kabla sijakaa naangalia kiti.