Utafiti: Tofauti kati ya mkabala wa induksheni na deduksheni

KILA mwanafunzi wa chuo kikuu anayewasilisha pendekezo la utafiti hukabiliwa na swali moja la msingi: Je, utaanza na nadharia au utaanza na data?

Wengi hulichukulia swali hili kuwa suala la istilahi tu, wakachagua jibu lolote ili sura ya tatu ya tasnifu ijae. Ukweli ni kwamba jibu hilo ndilo linaloamua mtafiti atakusanya nini, ataichanganua data vipi na, muhimu zaidi, atakuwa na haki ya kudai nini katika hitimisho lake.

Makala haya yanafafanua mikabala hiyo miwili, yaani induksheni na deduksheni, pamoja na tofauti zake na namna inavyokamilishana.

Maana ya induksheni

Induksheni ni mkabala wa kufikiri unaoanzia mambo mahususi na kuishia kwenye kauli ya jumla. Mtafiti huingia nyanjani akiwa na swali lakini bila jibu. Hushuhudia, hurekodi, hulinganisha, kisha hutafuta ruwaza inayojirudia na kuijengea nadharia.

Tuchukue mfano wa sarufi ya Kiswahili. Mtafiti anakusanya sentensi na kukuta kwamba watu husema simba ananguruma, samaki anaogelea, kiboko amelala na kipofu anatembea. Viambishi vya mwanzo vya nomino hizo havifanani, ila upatanisho wake wa kisarufi ni ule ule. Kutokana na hayo anahitimisha kuwa nomino zinazotaja binadamu na wanyama huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA.

Mwanafalsafa wa Uingereza Francis Bacon ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mtetezi mkuu wa njia hii. Katika kitabu chake Novum Organum cha 1620, alisisitiza kuwa maarifa hayana budi kujengwa hatua kwa hatua kutokana na kuyachunguza maumbile yenyewe.

Maana ya deduksheni

Deduksheni hufuata mwelekeo wa kinyume. Huanza na kauli ya jumla au nadharia, kisha huteremka hadi kwenye jambo mahususi. Misingi yake ya kimantiki iliwekwa na Mgiriki Aristotle katika karne ya nne kabla ya Kristo.

Kwa kutumia mfano wetu, kauli ya jumla ni kuwa majina ya wanyama na wadudu huchukua upatanisho wa A-WA. Kiroboto ni mdudu. Kwa hivyo, tunatarajia msemaji aseme kiroboto ameruka, wala si kiroboto kimeruka.

Katika utafiti, matarajio ya aina hii huitwa nadharia tete. Mtafiti huiandika kabla ya kukusanya data, kisha huenda nyanjani au maabarani kuipima. Matokeo yakiafikiana nayo, nadharia huungwa mkono. Yakipingana nayo, nadharia hurekebishwa au hutupiliwa mbali.

Nguvu na udhaifu wa kila mkabala

Ubora wa deduksheni ni uhakika wake. Iwapo kauli za mwanzo ni za kweli na mantiki imefuatwa ipasavyo, hitimisho haliwezi kuwa la uongo. Hata hivyo, hitimisho hilo halina jipya ambalo halikuwa limefumbatwa ndani ya kauli zile za mwanzo. Aidha, kauli ya mwanzo ikiwa na kasoro, kasoro hiyo hurithiwa hadi mwisho.

Induksheni, kwa upande wake, huzaa maarifa mapya, lakini haina uhakika kamili. Mwanafalsafa David Hume wa Scotland alieleza tatizo hili katika karne ya 18: kutokea kwa jambo mara nyingi hakuthibitishi kuwa litatokea tena.

Mtafiti wetu wa ngeli angelibaini hilo pindi akutanapo na sentensi kama vile kitoto kinalia au jitu linapita. Hapa binadamu anatajwa kwa udogo au kwa ukubwa, na upatanisho wa A-WA haupo. Mifano elfu moja ya awali haikutosha kuilinda kauli yake dhidi ya mifano miwili ya kinyume.

Hoja hii ndiyo iliyomfanya Karl Popper, katika kitabu alichokichapisha 1934, kushikilia kuwa kipimo cha nadharia ya kisayansi si wingi wa mifano inayoiunga mkono, bali ni iwapo inaweza kuwekwa kwenye jaribio litakalodhihirisha uongo wake ikiwa ni ya uongo.

Selimundu na malaria

Mojawapo ya mifano bora ya mikabala hii kukamilishana ilitokea papa hapa Afrika Mashariki.

Mnamo 1949, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja eneo la Mlima Kenya. Alikusanya sampuli za damu kutoka kwa jamii mbalimbali nchini na kuzichunguza, miongoni mwa mambo mengine, iwapo zilikuwa na hali ya selimundu.

Ruwaza iliyojitokeza ilikuwa ya kushangaza. Karibu na Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na hali hiyo. Katika nyanda za juu na maeneo makavu, hawakufika asilimia moja.

Wakati huo watoto wengi waliorithi jeni mbili za selimundu, moja kutoka kwa kila mzazi, walifariki kabla ya kufikia utu uzima. Kwa mantiki hiyo, jeni hiyo ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Mbona basi ilikuwa imekithiri Pwani na Ziwani?

Asili ya kijamii haikutosha kuwa jibu, kwa kuwa Wamijikenda ni Wabantu ilhali Waluo ni Waniloti. Kilichoyaunganisha maeneo hayo ni malaria. Allison akakisia kuwa mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Hadi hapo, kazi yake ilikuwa ya induksheni.

Allison hakuishia hapo. Kama dhana yake ilikuwa sahihi, basi watoto wadogo wenye jeni moja walipaswa kupatikana na vimelea vya malaria kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Alisisitiza watoto kwa sababu watu wazima wanaoishi penye malaria huwa tayari wamejijengea kinga nyingine, hivyo tofauti ingefichika.

Mnamo 1953 alirejea na kuwapima watoto 290 nchini Uganda. Kati ya 43 waliokuwa na hali ya selimundu, 12 walipatikana na vimelea, yaani takriban asilimia 28. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa na vimelea, yaani takriban asilimia 46. Alichapisha matokeo hayo 1954. Hii ilikuwa deduksheni: dhana ilitangulia, data ikaja kuipima.

Utafiti wa baadaye uliimarisha matokeo hayo. Mnamo 2005, watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa watoto wenye jeni moja walikuwa na kinga ya takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Ni muhimu kutahadhari hapa. Hitimisho hilo linawahusu wenye jeni moja pekee. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, aliyerithi jeni mbili, yumo hatarini zaidi akipatwa na malaria na huhitaji kukingwa nayo. Anayeipanua kauli ya utafiti kupita mipaka yake anaweza kuhatarisha maisha ya mtoto huyo.

Kosa la kuepukwa

Kisa cha Allison kinatufunza kanuni ambayo watafiti wengi huivunja: data iliyoizaa dhana haiwezi kutumiwa tena kuithibitisha dhana hiyo hiyo. Ramani ya 1949 ilimpa kisio. Ilibidi watu wengine, mahali pengine na kwa kipimo kingine, ndipo kisio hilo lipewe uzito.

Kinyume na hayo, wapo wanafunzi wanaokusanya data kwanza, wakatazama inaelekea wapi, kisha wakarudi katika sura ya kwanza kuandika nadharia tete inayolingana na walichokiona. Huko ni sawa na kuchora shabaha mahali mshale ulipokwisha kutua. Matokeo huonekana thabiti ilhali hakuna kilichopimwa.

Ni kwa sababu ya hatari kama hizi ambapo, tangu 2005, majarida makuu ya tiba duniani huyakataa majaribio ya kitabibu ambayo hayakusajiliwa hadharani kabla ya kuanza. Dawa inayotangazwa kufaulu kwa kigezo kilichochaguliwa baada ya matokeo kujulikana inaweza kumdhuru mgonjwa.

Jinsi ya kuchagua

Mkabala wa induksheni hufaa pale ambapo mada haijatafitiwa kwa kina na hakuna nadharia ya kutegemewa. Huambatana zaidi na utafiti wa kimaelezo unaotumia mahojiano na ushuhudiaji. Mwaka 1967, wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss waliuwekea utaratibu maalumu wa kujenga nadharia kutokana na data yenyewe.

Mkabala wa deduksheni hufaa pale ambapo nadharia ipo na swali ni iwapo inashikilia katika mazingira fulani. Huambatana zaidi na utafiti wa kitakwimu unaotumia hojaji na majaribio. Huhitaji nadharia tete zilizo wazi na sampuli iliyoteuliwa kwa makini.

Hata hivyo, mipaka hii si kuta. Mtafiti anaweza kuanza kwa mahojiano machache ili kupata dhana, kisha akaipima kwa sampuli mpya na kubwa zaidi. Wahenga walinena, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aanzaye na nadharia na aanzaye na data, wote hukutana mbele ya ushahidi.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika sura ya mwisho ya tasnifu yako, jiulize maswali mawili. Dhana yangu ilitoka wapi? Nimeipima kwa data gani? Ikiwa majibu ya maswali yote mawili ni data ile ile, basi andika wazi kwamba umependekeza dhana, usidai kwamba umeithibitisha.