Mlipaji wa Mwalimu wa Darasa la Kwanza: Hanga na Songea

Historia ya kusoma katika nchi ya Songea haitenganiki na suala la nani amgharimie mwalimu. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898; monasteri ya Hanga, iliyo leo Wilaya ya Namtumbo, ilianzishwa mwaka 1957. Misheni ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya elimu ya eneo hilo hadi sheria ya mwaka 1969 ilipoziweka shule chini ya Serikali.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifungua milango kwa watoto wote. Walimu hawakutosha, hivyo maelfu ya wahitimu wa darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. MMEM (2002–2006) nao uliongeza madarasa na wanafunzi.

Hata hivyo, kuandikishwa si kusoma. Hati ya Kiswahili hufuata matamshi. Mtoto aliyelelewa katika Kingoni au Kindendeule aweza kutamka ukurasa mzima pasipo kuuelewa. Kuliziba pengo hilo kwahitaji mwalimu aliyefunzwa hasa.

Mafunzo hayo yalipata msukumo kwa mtaala wa KKK wa mwaka 2015, kisha kwa miradi ya fedha za Marekani iliyoihusisha Ruvuma: Tusome Pamoja kuanzia 2016 na Jifunze Uelewe kuanzia 2021. Mwaka 2025 shirika lililoifadhili, USAID, lilifungwa.

Mshahara wa mwalimu umo katika bajeti ya taifa. Ujuzi wake wa kufundisha kusoma haujapata fungu la uhakika kiasi hicho.