Mafuriko ya Mirihi yalivyoingia kwenye ramani

Mwaka 1922, J Harlen Bretz, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alianza kuwapeleka wanafunzi wake mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani, wakati wa kiangazi. Walizunguka kwa miguu katika nyanda zilizochubuliwa udongo wote, yakabaki mawe meusi ya lava. Kuna makorongo makavu yenye kuta wima, mashimo yaliyochimbika ndani ya mwamba mgumu, na genge la Dry Falls, refu zaidi ya mita 100 na pana zaidi ya kilomita 5, ambalo siku hizi halimwagi maji. Bretz akakata shauri: hapa ilipita gharika, tena kwa muda mfupi.

Wenzake walimkatalia. Januari 1927 aliitwa jijini Washington, akapingwa hadharani na wakubwa wa fani, baadhi yao wakiwa hawajawahi kufika kule anakokuzungumzia. Wakati ule iliaminika kwamba ardhi huchongwa polepole. Anayetaja gharika alionekana anaichanganya sayansi na habari za Nabii Nuhu. Ndipo mwaka 1942 mwanajiolojia Joseph Pardee akachapisha maelezo ya matuta ya changarawe aliyoyakuta jimboni Montana. Yalikuwa na umbo la vijituta vya mchanga vinavyoachwa na maji yanayopita, ila mengine yalizidi kimo cha mita 10. Matuta ya namna hiyo hayatengenezwi na kijito. Huko kulikuwa na ziwa lililozibwa na barafu, na barafu ilipopasuka maji yote yalitoka kwa mkupuo, yakaelekea kwenye nyanda za Bretz.

Nimeanza na Bretz kwa makusudi. Bila nyayo zake, sidhani kama picha za Mirihi zingesomeka upesi hivyo.

Picha za kwanza za karibu, zilizopigwa na chombo cha anga Mariner 4 Julai 1965, zilionyesha kreta tupu, wengi wakadhani sayari ile haina tofauti na Mwezi. Novemba 1971 ikafika Mariner 9, chombo cha kwanza kuizunguka sayari nyingine. Kilikuta tufani la vumbi limeifunika Mirihi nzima, kikalazimika kusubiri. Vumbi lilipotua, zikaanza kuonekana volkano kubwa, mabonde yenye matawi, na mikondo mikavu yenye upana wa makumi ya kilomita.

Mwaka 1974 Victor Baker, aliyekuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya nyanda zilezile za Bretz, alishirikiana na Daniel Milton kuilinganisha mikondo hiyo na ya Washington. Alama zilifanana mno. Tazama visiwa vilivyo karibu na mdomo wa Ares Vallis: vimekaa kama majahazi yaliyotia nanga, omo butu likikabili upande maji yalikotoka, tezi likichongoka kuelekea yalikokwenda. Mara nyingi kwenye omo pana kreta. Ukingo wake mgumu uliyagawa maji, na ardhi iliyo nyuma yake ikasalimika.

Mchora ramani haridhiki na kufanana tu. Hufuatisha mipaka ya kila aina ya ardhi kwenye picha, kisha huuliza kipi kilitangulia: mkondo uliokata uwanda wa lava ni mchanga kuliko lava hiyo, na ardhi yenye kreta nyingi ni kongwe kuliko yenye chache. Kwa kazi hiyo ya subira David Scott na Michael Carr walitoa ramani ya kijiolojia ya Mirihi nzima mwaka 1978, kila sentimita ikiwakilisha kilomita 250.

Ramani mpya ya Kenneth Tanaka na wenzake, iliyotolewa na idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, mwaka 2014, inatofautisha vizuri zaidi. Mabonde mengi yenye matawi ni ya zama kongwe za Noachi. Mikondo mikubwa ya mafuriko mingi ni ya Hesperi, zilizofuata. Mikondo kadhaa huanzia ghafla kwenye ardhi iliyoporomoka na kuvurugika, dalili kwamba maji yalibubujika kutoka chini. Wapo wanajiolojia wanaosema lava ndiyo iliyochimba baadhi yake, na hoja yao haifai kupuuzwa. Lakini kwenye kreta ya Jezero, ambako chombo cha Perseverance kilitua Februari 18, 2021, picha zilizopigwa kutoka ardhini zilithibitisha tabaka za delta ambazo wachora ramani walikuwa wamekwisha kuzitambua kutoka juu.

Naye Bretz, aliyewahi kukataliwa na wenzake, alitunukiwa Medali ya Penrose, tuzo ya wanajiolojia, mwaka 1979, akiwa amepita miaka 95.

Ramani ya 2014 inapatikana bure kwenye tovuti ya USGS. Walimu wa jiografia, ichapisheni, ibandikeni ukutani, na wapeni wanafunzi kazi ya kutafuta mkondo gani ulitangulia mwingine.