Kwa nini maji ya chumvi hupitisha umeme na ya sukari hayapitishi?

Fundi wa maji anapopima kisima, mara nyingi huchovya kifaa kidogo majini na kusoma namba. Kifaa hicho hupima jinsi umeme unavyopita. Ukipita kwa wepesi, maji yana chumvichumvi nyingi. Lakini ukikoroga sukari ndani ya maji safi, namba haipandi. Hapa tunaeleza sababu: ni namna atomu zilivyofungamana.

Kifungo cha ioni
Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Atomu ya sodiamu hutoa elektroni moja, ya klorini huipokea. Iliyotoa hubaki na chaji chanya, iliyopokea hupata chaji hasi. Chembe hizi zenye chaji huitwa ioni, nazo hushikana kwa kuwa chanya na hasi huvutana.

Kifungo cha kovalenti
Kwenye sukari hakuna atomu inayotoa elektroni moja kwa moja. Atomu jirani huzimiliki kwa shirika, jozi kwa jozi. Molekuli moja ya sukari ina atomu 45 zilizoungana hivyo: kaboni 12, hidrojeni 22 na oksijeni 11.

Majini na motoni
Chumvi ikiingia majini, ioni huachana, na kila moja hutembea na chaji yake. Ndizo zinazobeba umeme. Sukari nayo huyeyuka, lakini kila molekuli hubaki nzima, bila chaji.

Kwenye kikaango, sukari huungua ikawa nyeusi. Chumvi hubaki chumvi, kwani huhitaji nyuzijoto 801 za Selsiasi ili iyeyuke. Hata hivyo, tusidhani kifungo cha kovalenti ni dhaifu: almasi imeshikwa na vifungo hivyo pekee.

Kinachotuhusu
Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi ioni. Maji hupaa, zenyewe hubaki na kuzidi kukolea. Ndivyo ilivyo kwa floridi, ioni iliyomo katika visima vingi vya Bonde la Ufa, ambayo ikizidi huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na kudhuru mifupa. Kifaa cha umeme hakiwezi kuitambua peke yake, hupimwa maabara. Kwa hiyo, kisima kikishukiwa, tuombe kipimo cha floridi. Tusitegemee sufuria.