Babu Yuko Upande wa Kulia

Usiku wa matanga ya babu yangu pale Gongoni, spika ilikuwa moja. Ya kukodi, kubwa kama kabati, imewekwa chini ya mwembe, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. (Ukisema matanga na spika huku Kilifi watu wanafikiria disko matanga. Haikuwa hiyo.) Kazi ya muziki nilipewa mimi kwa sababu nina kompyuta, na kwetu mwenye kompyuta anajua kila kitu.

Miezi kadhaa kabla, nilikuwa nimemrekodi babu akiimba, vijana wakimpigia ngoma na kayamba. Nikaipanga kwa madoido: ngoma na kayamba kushoto, babu kulia. Kwenye spika za masikioni ilikuwa tamu, utadhani mzee kakaa begani kwangu.

Basi nikabonyeza. Kayamba likaja. Ngoma zikaja. Babu hakuja. Watu wakangoja, wakidhani ni utangulizi, hadi mjomba akaniinamia: "We kijana, mzee mwenyewe yuko wapi?"

Waya uliochomekwa kwenye spika ulibeba upande wa kushoto peke yake.

Kosa hili lina historia. Tarehe 11 Februari 1963, katika studio za EMI pale Abbey Road, London, The Beatles walirekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza, Please Please Me, kwa siku moja. Tepu ilikuwa na njia mbili tu za sauti: ala zikapita moja, waimbaji nyingine. Prodyuza wao, George Martin, hakuzitenga ili msikilizaji apate kushoto na kulia. Alitaka aweze kupima baadaye sauti za watu zipande kiasi gani juu ya magitaa, kisha vyote vikunjwe kuwa kitu kimoja, mono. Watu walikuwa na nini nyumbani? Redio ya spika moja na gramafoni ya spika moja. Mono ilitoka Machi. Aprili ikafuata stereo, kwa wachache wenye vyombo vya bei, na zile njia mbili zikamwagwa karibu kama zilivyo: bendi kushoto, waimbaji kulia. Sikiliza stereo hiyo kwa sikio la kushoto tu uone kama utawapata waimbaji.

Si kwamba elimu haikuwepo. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI hiyohiyo, aliomba hataza ya sauti ya stereo Desemba 1931. Lakini meza nyingi za mwanzo za kuchanganyia sauti zilikuwa na swichi ya nafasi tatu: kushoto, katikati, kulia. Hakukuwa na "sogeza kidogo". Mimi nilikuwa nayo hiyo "kidogo", tena bure, na bado nikamtupa babu ukingoni!

Kulikuwa na ubaya zaidi. Capitol ya Marekani ilichukua rekodi za mono ikazitengenezea stereo ya bandia, iliyoitwa Duophonic: sauti nzito zaidi upande huu, nyembamba upande ule. Mimi huwa nazima.

Siku hizi namsikiliza sana Fundi Konde. Mgiriama wa Kilifi huyu, aliyewatumbuiza askari wa KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaja kurekodi santuri za 78 akiwa na gitaa lake. Chukua "Tausi Ndege Wangu". Katika mono hakuna kushoto wala kulia. Kuna karibu na mbali. Anayeimba anasogea kwenye maikrofoni, wengine wanarudi nyuma, na kipimo kinakamilika palepale chumbani, kabla santuri haijachongwa. Mpige kwenye simu iliyopasuka, kwenye redio ya bodaboda, kwenye spika iliyokufa upande mmoja: Fundi Konde yupo.

Usiku ule nilikaa na kompyuta mapajani, mbu wakinila, nikamtoa babu kulia nikamrudisha katikati. Kayamba nikalisogeza katikati pia, ingawa lilipoteza ule upana nilioupenda. Alfajiri, kabla ya mazishi, mjomba akasema weka tena.

Mama alikuwa jikoni nje, anamenya viazi. Babu alipoanza, kisu kikasimama.