Nakala ya Jana: Seva za Pittsburgh Zilivyowafunza Watu Kuokoa Faili

Mwaka 1982 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, kiliungana na kampuni ya IBM katika mradi ulioitwa Andrew. Lengo lilikuwa kubwa mno kwa enzi hizo: kompyuta kati ya 5,000 na 10,000 za walimu na wanafunzi zitumie faili zilizotawanywa kwenye seva nyingi, na kila mtu azione kama ziko mezani pake. Mfumo uliozaliwa hapo ndio Andrew File System, kwa kifupi AFS.

Ugumu ulikuwa kwenye nakala rudufu. Utanakilije faili za maelfu ya watu ilhali wenyewe wanaendelea kuziandika? Mtafiti wa mradi huo, Mahadev Satyanarayanan, na wenzake waligawa data katika mafungu yaliyoitwa voliumu, kwa kawaida moja kwa kila mtumiaji. Kabla ya kunakili, seva ilitengeneza pacha wa voliumu, asiyebadilika. Hakula nafasi kubwa, kwani alitumia data ileile iliyokuwa diskini. Faili ilipobadilishwa, toleo jipya liliandikwa pembeni na la zamani likabaki kwake. Kutoka kwa pacha huyo data ilipelekwa taratibu hadi kwenye kanda za sumaku, bila kuwakatiza watu kazi.

Ninaloliheshimu zaidi ni walichofanya baadaye. Waliona kuwa sehemu kubwa ya maombi ya kurejesha faili ilitokana na watu kufuta kazi zao kwa bahati mbaya. Basi wakamweka pacha ndani ya saraka ya mtumiaji mwenyewe. Aliyefuta faili leo aliifungua nakala ya jana, akaichukua, yakaisha. Hakuhitaji kumbembeleza msimamizi wa seva. Huo ulikuwa uamuzi wa kiutu kabla ya kuwa wa kiufundi, na IBM ilipotoa msimbo wa AFS kwa umma mwaka 2000, utaratibu huo ulikuwamo.

Hata hivyo pacha aliishi kwenye diski ileile. Diski ikifa, naye amekwenda. Ndiyo maana kanda hazikuachwa, na mwishoni mwa Februari 2011 Google nayo ilihitaji kanda zake: hitilafu ya programu ilifuta barua za asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zake zilizokuwa katika vituo kadhaa vya data. Kosa liliweza kuzifikia nakala hizo kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa na mtandao. Barua zilirejeshwa kutoka kwenye kanda, ambazo zilikuwa nje ya mtandao.